Trela ya Filamu ya Kutisha: Mipango na Utafiti Kabla ya Kushika Kamera

Kila muhula maswali huja yakifuatana vilevile. Nitumie kamera gani? Damu bandia inapikwaje? Naweza kuweka huu wimbo ninaoupenda? Programu gani ya kuhariri ni ya bure? Si maswali mabaya, ila yamewahi mno. Trela nyingi za wanafunzi zisizomtisha hata mtoto huwa zimeshaharibika kabla kamera haijawashwa. Kikundi kimekutana Ijumaa, kimekubaliana kuhusu msichana wa gauni jeupe, nywele usoni na mlango unaojifungua wenyewe, na Jumamosi kikaanza kurekodi. Wiki mbili baadaye mwalimu anauliza utafiti uko wapi, na watu wanaanza kubuni majibu ya dodoso ambalo halikuwahi kujazwa.

Mwongozo huu unahusu kazi ya mwanzo. Ni wa mwanafunzi wa Nairobi, awe wa sekondari au wa chuo, aliyeambiwa atengeneze trela ya filamu ya kutisha ambayo yenyewe haipo na pengine haitakuwepo. Kamera nitaigusa pale tu inapobadilisha mpango.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Watu wanne hadi sita. Wakipungua hapo, mwigizaji ndiye atakayeshika taa. Wakizidi, nusu watakuja kupiga gumzo na bado watataka kula.
- Daftari moja la kikundi, la karatasi, na kila unachoandika kiwe na tarehe. Hili ndilo faili lako la utafiti. Picha za simu hupotea, makundi ya WhatsApp hujaa utani, daftari hubaki.
- Simu mbili: moja ya picha, nyingine ya kurekodi sauti tu.
- Vipokea sauti vya masikioni, hasa vya waya. Bila hivyo huwezi kufanya hatua ya 3 wala ya 7.
- Tochi mbili na pawabenki iliyojaa.
- Barua kutoka shuleni au chuoni, yenye muhuri, majina ya wanakikundi na nambari ya simu ya mwalimu.
- Wiki tatu za mipango. Mbili zinawezekana kwa shida. Moja ni kujidanganya.
- Nauli na chakula. Hapa ndipo pesa za mwanafunzi huishia, si kwenye vifaa. Mtu mwenye njaa saa nne usiku hakubali kurudia shoti (kipande kimoja kinachorekodiwa bila kukatizwa), hata umsifu vipi.

Hatua ya 1: Tafuta hofu ya hapa

Nyumba kubwa ya mbao yenye chumba juu ya dari na stoo chini ya sakafu ni hofu ya watu wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo. Wewe unaishi kwenye ploti ya ghorofa sita isiyo na lifti, na stima ikipotea ngazi zinakuwa giza hata saa saba mchana. Au unaishi bwenini. Au kwenu ni Kangemi, na ukishuka matatu ya mwisho kuna kichochoro kimoja ambacho huwezi kukikwepa. Anzia hapo.

Simulizi zimejaa, na hazina mwenyewe wa kumlipa. Kila Mkenya amesikia ya yule mwanamke mrembo wa Mombasa ambaye mtu alipotazama chini aliona kwato. Watu wa magharibi mwa nchi watakusimulia kuhusu wanaokimbia usiku uchi wakirusha mawe juu ya mabati. Waluo humwita jajuok. Wazee wa Pwani wana mazimwi. Mwaka 1995 kule Unguja na Pemba, uvumi wa pepo aitwaye Popobawa uliwafanya watu watoke vyumbani wakalale nje kwa pamoja, wamezunguka moto. Kwa mtengeneza trela kisa hicho ni somo tosha: hakuna aliyemwonyesha mwenzake picha ya kitu chochote, lakini watu walihama vitanda vyao.

Hata makumbusho yanakusaidia. Nenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Kuna behewa ambamo afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliuawa na simba pale Kima mwezi Juni 1900. Alikuwa humo akimvizia simba huyohuyo, zamu ya kukesha ikiwa yake, usingizi ukamchukua. Simama kando ya dirisha la behewa hilo, pima kwa macho upana wake, kisha fikiria simba akipita hapo na mtu mdomoni. Kaa dakika kumi na daftari.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia hapa hadi mwisho, uone jinsi wazo linavyosafiri kutoka hatua moja hadi nyingine. Ploti moja Pipeline, Embakasi. Maji ya mgao huja Jumatano usiku pekee. Tangu jioni wapangaji wanapanga mitungi ya manjano ya lita 20 kwenye ngazi ili kushika nafasi, kila mlango mtungi mmoja. Milango ni 24. Mitungi ni 25.

Mtu aliyewahi kupanga foleni ya maji hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Na angalia gharama: mitungi ya kuazima, ngazi, giza.

*Onyo.* Usimfanye bibi kizee wa jirani kuwa mchawi wa trela yako. Huko Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na video ya dakika mbili hukatwa vipande na kusambazwa bila kichwa wala maelezo. Vilevile acha misiba iliyo bado mibichi. Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula, ina familia zinazoendelea kuomboleza; si mandhari ya kazi ya darasani.

Hatua ya 2: Andika filamu nzima, ukurasa mmoja

Wanafunzi wengi hulikataa hili. "Si ni trela tu?" Ndiyo, lakini huwezi kuficha mwisho usioujua. Andika ukurasa mmoja: nani, wapi, anataka nini, nini kinamzuia, inaishaje. Kwetu: Achieng' amehamia ploti hiyo wiki iliyopita, anagundua mtungi wa ziada, anauliza, kila mpangaji anageuza mazungumzo, na usiku wa tatu anauinua ule mtungi na kukuta una uzito ingawa maji bado hayajafika.

Chini ya ukurasa andika swali moja ambalo mtazamaji ataondoka nalo. *Mtungi wa 25 ni wa nani?* Kuanzia sasa shoti yoyote inayolijibu swali hilo inatupwa, hata kama ni nzuri kiasi gani. Hasa ikiwa ni nzuri.

Hatua ya 3: Chambua trela tano kwa saa

Kutazama si kuchambua. Chagua trela tano za filamu za kutisha: mbili za miaka ya karibuni, moja ya zamani kabla ya 1980, moja kutoka nchi ya Afrika, na moja iliyotengenezwa na wanafunzi. Kila moja itazame mara tatu. Mara ya kwanza kawaida. Mara ya pili bila sauti. Mara ya tatu funga macho, sikiliza tu. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokufundisha zaidi, na ndiyo ambayo watu huiruka.

Halafu chora jedwali daftarini na usimamishe video kila shoti inapobadilika. Safu nne zinatosha: muda, kinachoonekana, kinachosikika, na kitu ambacho sasa najua. Mistari ya kwanza inaweza kuwa hivi:

0:00–0:05 / nyumba kwa mbali, mchana / ndege, watoto / hapa pana amani
0:05–0:08 / mkono unafungua pazia / ndege wamenyamaza / kuna anayetazama
0:08–0:09 / skrini nyeusi / pumzi moja / sijui ni ya nani

Ukimaliza, hesabu shoti za kila robo ya trela. Mara nyingi robo ya kwanza ina shoti chache ndefu, na robo ya mwisho ina nyingi mno, nyingine hazifiki hata sekunde moja. Jina la filamu hutokea karibu na mwisho, na mara kwa mara baada ya jina kuna mshtuko mmoja wa ziada, mtazamaji akidhani mambo yamekwisha. Andika sekunde kamili jambo hilo linapotokea katika kila trela. Ukishazipata trela zote tano, una umbo la trela yako bila kumwiga mtu shoti hata moja.

Trela ya zamani naisisitiza kwa sababu moja. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipouza filamu yake Psycho mwaka 1960, trela ilikuwa ya zaidi ya dakika sita, na ndani yake ni yeye mwenyewe akitembeza watazamaji kwenye moteli na nyumba, akidokeza mambo kisha kunyamaza. Mwishoni anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga kelele. Anayeonekana hapo ni Vera Miles, si Janet Leigh aliyeigiza tukio hilo kwenye filamu. Mwaka 2009 Paranormal Activity nayo ilitangazwa kwa kuwaonyesha watazamaji wenyewe ndani ya ukumbi wenye giza, wakirukaruka vitini. Maana yake, trela ni kazi inayojitegemea. Unaruhusiwa kurekodi vitu ambavyo havingekuwemo kwenye filamu.

Hatua ya 4: Uliza watu, lakini si wanadarasa wenzako pekee

Dodoso la kawaida la mwanafunzi huuliza "Je, unapenda filamu za kutisha?" Watu 30 wanasema ndiyo, chati ya duara inachorwa, na hakuna mtu aliyejifunza chochote. Uliza maswali ambayo majibu yake yanaweza kubadilisha mpango wako:

- Mara ya mwisho uliogopa ukiwa nyumbani, ulisikia nini kwanza?
- Ukiwa peke yako usiku, ni sehemu gani ya ploti hupiti?
- Trela huwa unazitazama wapi: simu, runinga, ukumbini? Na sauti ikiwa juu au imezimwa?
- Ni kitu gani kwenye filamu za kutisha kinachokuchekesha badala ya kukutisha?

Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa watu wako wengi hutazama kwenye simu ndani ya matatu, shoti ya giza totoro haitaonekana kabisa, na maandishi madogo hayatasomeka.

Changanya njia. Fomu ya mtandaoni kwa watu 20 au 30, kisha mazungumzo ya ana kwa ana na watu watano. Kati ya hao watano, mmoja awe soja wa usiku. Hakuna anayelijua jengo kama yeye saa tisa usiku. Msalimie vizuri, "Habari ya jioni, mzee," jieleze wewe ni nani na umetoka chuo gani, omba ruhusa ya kurekodi, halafu uliza swali moja na unyamaze. Ukimkatiza utapata majibu ya heshima tu. Ukimwacha aongee, atakueleza ni bomba gani hulia usiku na ni mpangaji gani hurudi saa nane kila siku akitembea bila viatu. Sauti ya miguu mitupu kwenye ngazi za saruji: hiyo ni shoti umepewa bure.

*Onyo.* Usikusanye majina, nambari za simu wala anwani usizozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mwanafunzi, na kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Umri na mtaa vinatosha.

Hatua ya 5: Kagua mahali, saa ileile utakayorekodi

Kwenda kukagua saa sita mchana mahali utakaporekodi saa moja usiku ni kupoteza nauli. Nenda saa ileile, siku ileile ya wiki. Jumatano Pipeline si Jumapili Pipeline.

Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima. Likishazama, giza linaingia haraka: una dakika 20 au zaidi kidogo za mwanga ule wa bluu unaofaa sana kwa filamu ya kutisha. Huwezi kurekodi shoti kumi ndani ya muda huo. Panga mbili, zifanyie mazoezi jua likiwepo, na uwe na jioni ya pili ya akiba. Anga likiwa na mawingu mazito, kama Julai, unapata mwanga wa huzuni mchana kutwa bila kulipa chochote. Mimi ningepanga kazi nzima ya nje wakati huo kama kalenda ya masomo inaruhusu. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, uwe na mpango wa mvua.

Mahali hapo, fanya haya:

1. Simama kimya dakika tano na vipokea sauti, ukirekodi. Sikiliza ndege za viwanja vya Wilson au JKIA, manamba wakiita abiria, spika za kanisa la mabati, adhana, jenereta, mbwa. Andika saa ya kila kimoja.
2. Washa taa za hapo na urekodi sekunde kumi za video. Stima yetu ni ya hezi 50. Simu iliyowekwa fremu 30 kwa sekunde mara nyingi itaonyesha taa za ngazini zikipigapiga mistari. Weka fremu 25 na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50. Kama simu yako hairuhusu kubadilisha, pakua programu ya kamera inayoruhusu. Jaribu sasa, si siku yenyewe.
3. Uliza stima hupotea mara ngapi, na soketi iko wapi.
4. Piga picha kila pembe, halafu chora ramani ndogo: kamera hapa, mlango pale, jirani mwenye mtoto mchanga pale.

Giza halisi ni adui wa kamera ya simu. Picha inajaa chembechembe na sura zinayeyuka. Shoti za "usiku" za nje unaweza kuzirekodi alasiri yenye kivuli: punguza mwangaza, elekeza mizani ya rangi upande wa bluu, na usionyeshe anga. Ndani, weka chanzo kimoja cha mwanga kinachoonekana, kama tochi au koroboi, na cha pili kilichofichwa nje ya fremu kikimulika ukuta wa nyuma.

Hatua ya 6: Ruhusa, na usalama wenu

Sehemu hii haina raha, lakini ndiyo inayokatisha kazi nyingi.

Ploti ina mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana msimamizi. Mwone msimamizi kwanza, kwa upole, ukiwa na barua. Ukimruka atakufungia geti siku ya kurekodi, na hatakuwa na kosa. Mjini kati kanjo, yaani askari wa kaunti, watakuuliza kibali mara tu unapofungua tripodi. Simu mkononi huvutia macho machache, lakini usitegemee hilo. Karura na misitu mingine ina usimamizi wake na taratibu zake za kurekodi. Makaburi ya Lang'ata yaache: kuna watu wanazika.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe kwa umma au kuuzwa, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ndiyo inayopanga kiwango cha umri: GE (watazamaji wote), PG (watoto kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18. Kazi inayobaki darasani ni jambo moja, kuipeleka tamasha au kuipakia mtandaoni ni jambo jingine. Mwulize mwalimu wenu mapema trela itaishia wapi, kisha mwandikie bodi ukiwa na jibu hilo. Lengeni kiwango cha 16 kwenda chini. Trela isiyo na damu inayomwagika hutisha vizuri tu, na wazazi wanaweza kuitazama.

*Onyo kubwa.* Panga, barakoa, mtu anayekimbia na mayowe ya usiku, ukiviweka pamoja kwenye mtaa wa Nairobi bila taarifa, umeita umati. Neno "mwizi!" likishapigwa, hakuna atakayesubiri uonyeshe kitambulisho cha chuo. Kwa hiyo: mjulishe kiongozi wa nyumba kumi au chifu, peleka nakala ya barua kituo cha polisi kilicho karibu, bandika karatasi getini yenye tarehe na saa, na mtu mmoja asiyeigiza asimame nje ya fremu na nakala ya barua mkononi. Bunduki za kuchezea msibebe kabisa. Mayowe yarekodiwe kando, ndani ya chumba, mchana.

Hatua ya 7: Panga sauti kabla ya picha

Anza na orodha ya sauti kumi zinazotoka mahali penyewe. Kwa mfano wetu: mtungi mtupu ukigonga ngazi, mfuniko ukikazwa, bomba likikohoa hewa kabla ya maji kufika, kandambili, miguu mitupu, kufuli, redio ya jirani, tone moja moja.

Kisha kuna maji yakijaza mtungi. Sikiliza kwa makini utagundua mlio unapanda: hewa iliyobaki ndani inazidi kuwa fupi, sauti inazidi kuwa nyembamba. Ni muziki wa wasiwasi uliotengenezwa tayari. Rekodi mtungi mmoja kuanzia mtupu hadi unapofurika, simu ikiwa sentimita chache kutoka mdomoni mwake, na una mhimili wa sauti wa trela nzima. Picha zinaongeza kasi mlio ukipanda, mtungi unajaa, kimya. Hapo kwenye kimya ndipo mshtuko unapoingia. Kelele juu ya kelele haimshtui mtu.

Kuhusu wimbo unaoupenda: hapana. Hadithi kwamba sekunde 30 za wimbo ni bure haina msingi kwenye Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Tumia sauti zako, mwombe rafiki mpiga kinanda akurekodie noti tatu na akutilie sahihi karatasi ya ruhusa, au pakua sauti zenye leseni huria. Leseni hizo nazo zisome: nyingine zinataka umtaje mwenye kazi, nyingine zinakataza biashara.

Hatua ya 8: Chora, halafu jenga trela ya karatasi

Michoro ya vijiti inatosha. Kila shoti karatasi yake ndogo: nani yuko kwenye fremu, kamera iko wapi, inachukua sekunde ngapi, sauti gani. Ukitumia jedwali la hatua ya 3 kama kipimo, trela ya sekunde 90 inaweza kukupa shoti 40 hadi 60. Tandaza karatasi hizo sakafuni na uzihamishe hamishe. Mabishano yote ya kikundi yatokee hapa, ambapo kubadilisha mawazo hakugharimu kitu.

Kipande cha mfano wetu, kuanzia sekunde ya 20:

- Sekunde 4: mitungi kwenye ngazi kutoka juu, mstari wa manjano ukipinda gizani. Redio ya jirani.
- Sekunde 3: kidole cha Achieng' kikihesabu hewani. Midomo inatembea bila sauti.
- Sekunde 2: uso wake. Kidole kimesimama.
- Sekunde 3: anahesabu tena kutoka chini. Redio imezimika.
- Sekunde 1: mlango wa jirani ukifungwa taratibu, jicho nyuma yake.
- Sekunde 2: maandishi: MILANGO 24.

Sasa ndiyo hatua ambayo wachache huifanya na ingewaokoa wengi. Piga picha michoro yote, iweke kwenye programu ya kuhariri kwa muda wake kamili, tia zile sauti ulizorekodi, na utazame. Hii ni trela ya karatasi. Waonyeshe watu watano wasiojua hadithi, bila kueleza chochote, na usitazame skrini: tazama nyuso zao. Andika sekunde ambayo mtu ameangalia simu yake. Baadaye uliza swali moja tu, "Unataka kujua nini?" Wakitaja mtungi, endelea. Wakiuliza "kwani huyo msichana ni nani," sekunde 20 za kwanza zina kasoro.

Hatua ya 9: Ratiba ya siku

Panga shoti kwa mahali na mwanga, si kwa mpangilio wa hadithi. Shoti zote za juu ya ngazi pamoja, zote za mlangoni pamoja. Nguo za kila mwigizaji zipigwe picha ili Jumatano ya pili zifanane na ya kwanza. Aliye chini ya miaka 18 awe na idhini ya mzazi kwa maandishi na njia ya kurudi nyumbani kabla ya usiku kuwa mkubwa. Nambari za simu za wote ziwe kwenye karatasi moja, maana simu moja lazima itazima.

Mambo yakienda kombo

*Trela ya karatasi inawachekesha watu.* Tafuta sekunde wanayocheka. Mara nyingi kitu cha kutisha kimeonyeshwa kirefu mno au kwenye mwanga mwingi mno. Kikate hadi nusu sekunde, au onyesha uso wa anayekiona badala ya kitu chenyewe.

*Inafanana na filamu tuliyoitazama.* Rudi hatua ya 1, ondoa kila kitu ambacho hakipo mtaani kwenu, uone kinachobaki. Kikibaki kitu kimoja tu, kinatosha.

*Mwalimu anasema utafiti ni mwembamba.* Usiongeze kurasa kutoka mtandaoni. Onyesha uhusiano: "Watu wanne kati ya watano waliohojiwa walitaja sauti kabla ya picha, kwa hiyo shoti ya kwanza ni nyeusi na sauti ya bomba." Kila uamuzi uwe na mstari wake daftarini, na tarehe.

*Msimamizi amebadilisha nia siku ya kurekodi.* Msibishane getini. Kwenye ukaguzi ulipaswa kuandika mahali pa akiba. Ngazi za saruji na ukuta wa kijivu hupatikana hata chuoni, na kwa shoti za karibu hakuna atakayejua.

*Mvua imenyesha.* Rekodi sauti yake juu ya mabati, angalau dakika tano mfululizo. Fanyeni shoti za ndani.

*Maji ya mgao hayakuja Jumatano hiyo.* Yatatokea haya. Nunueni mitungi miwili kwa mwenye mkokoteni, rekodini bomba kwa karibu huku mtu akimimina kutoka nyuma yake.

*Mwigizaji mkuu amejitoa siku mbili kabla.* Pitia karatasi za shoti na uhesabu ni ngapi zinahitaji uso wake. Huenda ni sita au saba. Zilizobaki ni mikono, visigino, kisogo, leso kichwani, kivuli ukutani. Yeyote mwenye kimo kinachokaribia anaweza kuzibeba. Zile sita mpe mtu mpya, na muanze nazo mchana, mwanga ukiwa bado rafiki.